Mama anameza dawa tatu za maumivu, na presha haishuki

Bi Mshauri,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Ninakuandikia kutoka Micheweni, Pemba, kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 63, ambaye amekuwa mkulima wa mwani tangu mimi nilipokuwa skuli ya msingi. Kwa muda wa miaka minne sasa anasumbuliwa na magoti yote mawili pamoja na kiuno. Daktari alimpima, akamweleza kuwa viungo vyake vimelika kwa umri na kwa kazi, na kwamba hakuna mfupa uliovunjika.

Kila yanapoingia maji ya bamvua, yale yanayojaa na kutoka sana, mama hushuka pwani siku sita au saba mfululizo, na katika siku hizo humeza diklofenaki ya miligramu 50 asubuhi, mchana na usiku. Huinunua kwa kuhesabiwa vidonge, vikiwa vimefungwa katika kikaratasi kisicho na maandishi yoyote. Kaka yangu anayeishi Unguja naye humletea ibuprofeni ya miligramu 400 kila anapokuja, na mama humeza kidonge kimoja anapoamka na kingine kabla ya kulala, kwa sababu anaamini kuwa hiyo ni dawa ya magoti na ile ya dukani ni ya kiuno. Kichwa kikimuuma, huongeza vidonge vya kichwa ambavyo nimesoma kwenye pakiti yake kuwa vina aspirini, parasetamoli na kafeini. Zote huzifunga kwenye pindo la kanga, na nikimuuliza amemeza ngapi hanijibu.

Aidha, mama ana presha. Hospitali wamempa losartani na haidroklorothiazaidi, naye huzimeza kila siku bila kukosa. Hata hivyo, mara mbili za mwisho alizopimwa, presha ilisoma 168 kwa 96 na 172 kwa 98, na muuguzi akamgombeza mbele ya watu kuwa hamezi dawa. Mama alilia njia nzima tuliporudi, kwa kuwa dawa anameza na mimi ni shahidi wake. Miguu yake inavimba jioni. Juzi ameniambia, kwa kuficha ficha, kwamba choo chake kimekuwa cheusi kwa siku tatu. Anasema ni vidonge vya kuongeza damu, ingawa vidonge hivyo alivimaliza miezi mitatu iliyopita. Siku hizi akipanda kutoka pwani hukaa kupumzika mara mbili kabla ya kufika nyumbani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Nilipomwambia aache dawa za maumivu, alinijibu: "Nikiacha dawa nitaacha na mwani, na nikiacha mwani nitakula kwa nani?" Jirani yetu amemshauri achomwe sindano badala ya kumeza vidonge, kwa kuwa sindano haipiti tumboni. Mwezi wa Ramadhani nao unakaribia, na mama hajawahi kuacha kufunga. Naomba unieleze ni lipi katika haya lenye hatari, na ni lipi anaweza kuendelea nalo.

Binti wa Micheweni

*

Wa aleikum salaam, mwanangu, na marahaba.

Kabla hujaendelea kusoma, mpeleke mama yako hospitali leo hii. Usisubiri siku ya kliniki yake ya presha, wala usisubiri maji ya bamvua yapite. Choo cheusi kwa mtu anayemeza dawa hizi huchukuliwa kuwa ni damu inayovuja tumboni mpaka vipimo vioneshe vinginevyo. Ni kweli kwamba vidonge vya kuongeza damu hukifanya choo kiwe cheusi, lakini weusi huo huondoka siku chache baada ya mtu kuacha kuvimeza, na wewe umeeleza kuwa vimekwisha miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo maelezo ya mama hayatoshi. Choo chenye damu iliyopita tumboni huwa cheusi kama lami, kinanata, na kina harufu kali isiyo ya kawaida. Kule kuchoka kwake anapopanda kutoka pwani kunanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu huenda amekwisha kupoteza damu kidogo kidogo bila ya yeye mwenyewe kujua.

Ikiwa mtakuwa bado hamjaondoka na akatapika damu, au akatapika kitu kinachofanana na unga wa kahawa uliolowa, au akaona kizunguzungu anaposimama, au akatokwa na jasho la baridi, tafuteni gari wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane.

Tangu sasa asimeze tena diklofenaki, wala ibuprofeni, wala vile vidonge vya kichwa vyenye aspirini. Dawa za presha asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali zichukueni mkononi mkamwoneshe daktari, kwa sababu mtu anayevuja damu anaweza kuhitaji baadhi yake zisimamishwe kwa muda, na uamuzi huo ni wa anayempima. Pindo la kanga nalo lifunguliwe mbele ya daktari. Mwelezeni kila kidonge, idadi yake na siku alizokimeza, kisha muulizeni kama anaweza kumpima wingi wa damu, kazi ya figo na kiwango cha chumvi za mwilini, hasa potasiamu. Waulizeni pia kuhusu kipimo cha bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo, kwa kuwa mwenye bakteria hao hupata vidonda kwa urahisi zaidi anapotumia dawa za aina hii.

Sasa nije kwenye sababu, kwa maana naamini mama yako hataacha jambo ambalo hajaelezwa kwa nini aliache.

Mama anadhani ana dawa tatu zenye kazi tatu. Ukweli ni kwamba diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni za jamii moja na hufanya kazi kwa njia moja. Mwaka 1971, mtafiti wa Uingereza aitwaye John Vane alionesha kuwa aspirini na dawa za jamii yake huuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini ndizo zinazoleta uvimbe na kuyafanya maumivu yawe makali, na ndiyo maana mtu hupata nafuu zinapopungua. Hakuna ya goti na ya kiuno, kwa sababu kidonge kikishayeyuka huingia katika damu, na damu hufika kote. Diklofenaki peke yake, vidonge vitatu vya miligramu 50, humfikisha mtu mzima kwenye miligramu 150 kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa. Mama amekuwa akianzia kwenye ukomo, kisha anaongeza miligramu 800 za ibuprofeni, kisha aspirini. Nafuu haiongezeki kwa kiasi hicho. Kinachoongezeka ni madhara.

Madhara hayo yanatoka pale pale inapotoka nafuu, kwa sababu mwili hauzitumii prostaglandini kwa maumivu peke yake. Tumboni, ndizo zinazolifanya tumbo litoe ute unaolinda ngozi yake laini ya ndani isiunguzwe na tindikali. Zikizuiwa siku baada ya siku, ute hupungua na kidonda huanza. Hapa ndipo ilipo hitilafu ya ushauri wa jirani yenu, ushauri ambao katika miaka yangu ya kazi nimeusikia kwenye dirisha la dawa mara nyingi kuliko mwingine wowote. Sindano haipiti tumboni kwa njia ya mdomo, lakini dawa yake hufika tumboni kwa njia ya damu na kuzuia kemikali zile zile. Dawa ya kuweka njia ya haja kubwa nayo ni hivyo hivyo. Chakula na maziwa hupunguza kichefuchefu na kiungulia, navyo ni bora kuliko kumeza dawa na tumbo tupu, lakini havizuii kidonda kutokea. Jambo la kutisha ni kwamba wengi hawasikii maumivu yoyote ya tumbo kabla ya damu kuanza kuvuja, kwa sababu dawa hiyo hiyo inayoleta kidonda ndiyo inayoyanyamazisha maumivu yake.

Nakuomba usome kwa utulivu habari ya figo, na ukiweza umsomee mama mwenyewe, kwa maana inahusu yale machozi aliyoyatoa njiani.

Figo huchuja damu inayoingia kwa mshipa mmoja mwembamba na kutoka kwa mwingine. Prostaglandini huuacha wazi mshipa wa kuingilia, hasa mtu anapokuwa na umri mkubwa au anapopungukiwa na maji. Losartani, kwa upande wake, hulegeza mshipa wa kutokea. Haidroklorothiazaidi hutoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Dawa hizi mbili ni nzuri na madaktari huziandika pamoja kila siku. Lakini mtu akiongeza diklofenaki juu yake, mlango wa kuingilia unabanwa, wa kutokea umelegea, na maji yenyewe yamepungua, hivyo figo hukosa msukumo wa kuchujia. Mfikirie basi mama yako akiwa amesimama baharini kwa muda wa saa nne au tano juani, akitoka jasho, hana maji ya kunywa karibu naye, na dawa zote tatu zimo mwilini. Kwa mtu wa umri wake, figo zinaweza kupata madhara makubwa kwa siku chache tu.

Dawa za maumivu za jamii hii pia huufanya mwili ushike chumvi na maji, na ndiyo maana miguu inavimba jioni. Na hupunguza nguvu za dawa za presha, losartani na haidroklorothiazaidi zikiwemo. Kwa hiyo mama yako hakusema uongo pale kliniki. Alizimeza dawa zake za presha kama alivyoagizwa, na dawa za maumivu zikawa zinaibomoa kazi hiyo siku hiyo hiyo. Yule muuguzi aliona namba bila ya kuijua habari ya pindo la kanga, na mama hakuitaja kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kuhusu dawa za dukani. Laiti angeulizwa kwa upole, huenda choo hicho kisingefika kuwa cheusi. Mwambie hivyo. Nadhani atakapojua kuwa hakuna anayemtuhumu, atakuwa tayari kuvihesabu vidonge vyake mbele yako.

Kuna la moyo pia, nalo silisemi kwa kumtisha. Diklofenaki, hasa kwa kiwango kikubwa na kwa muda mrefu, huongeza uwezekano wa mshituko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilieleza kuwa isitumiwe na watu waliokwisha kupata maradhi hayo, na kwamba wenye presha waandikiwe kwa uangalifu tu. Kwa mtu ambaye presha yake inasoma 172 kwa 98, mimi nisingeiruhusu itoke dirishani.

Umeuliza anaweza kuendelea na nini. Kwa sasa, hadi atakapopimwa, dawa ya maumivu iliyo salama zaidi kwake ni parasetamoli, ambayo haiharibu tumbo wala haibani figo kama hizo nyingine. Mtu mzima mwenye afya humeza vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, akiacha saa nne hadi sita kabla ya kumeza tena, na havuki vidonge vinane kwa saa 24. Mtu mwembamba aliye chini ya kilo 50, au mwenye maradhi ya ini, anatakiwa kumeza pungufu ya hapo, na kiwango chake apangiwe na daktari. Tahadhari moja tu: vile vidonge vya kichwa vina parasetamoli ndani yake, na zipo pia dawa zinazochanganya diklofenaki na parasetamoli katika kidonge kimoja, hivyo mtu anaweza kuvuka kiwango bila kujua. Sitakudanganya kuwa parasetamoli itamwondolea maumivu yote ya magoti yaliyolika. Kwa wengi hupunguza kidogo tu, na ndiyo sababu ya kuongeza mambo mengine yasiyomezwa.

Baada ya tumbo kupona, muulizeni daktari kuhusu diklofenaki ya jeli ya kupaka gotini. Sehemu ndogo sana ya dawa hiyo huingia katika damu ukilinganisha na kidonge, na kwa magoti husaidia kweli. Mafuta ya makonyo, yaani ya vikonyo vya karafuu, ambayo sisi Wapemba tumeyapaka tangu tulipokuwa watoto, siyakatazi, ila yachanganywe na mafuta ya nazi kwa sababu ni makali kwa ngozi, yasipakwe penye jeraha, na yasinywewe hata tone. Kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa gotini robo saa asubuhi kabla ya kushuka pwani, nacho kina faida yake. Zaidi ya yote, msuli wa paja la mbele ukipata nguvu, goti hubeba mzigo mdogo zaidi. Akae kwenye kiti, aunyooshe mguu mmoja mpaka uwe sawa, ahesabu hadi tano, aushushe polepole, arudie mara kumi kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Alipe zoezi hilo wiki sita kabla ya kuuliza kama linafaa.

Kuhusu mwani, sitamwambia aache. Jibu alilokupa la "nitakula kwa nani" ni jibu la mtu anayejitegemea, nami naliheshimu. Lakini kazi inaweza kugawanywa. Kufunga mbegu kwenye kamba kunaweza kufanywa nyumbani kivulini, akiwa amekaa juu ya kitu kilichoinuka badala ya kuchutama. Mzigo wa mwani mbichi uliolowa maji ndio unaoyamaliza magoti na kiuno, basi upandishwe kidogo kidogo, au ubebwe na vijana kwa makubaliano. Ashuke na chupa ya maji ya kunywa. Siku za maji mafu, bamvua ikishapita, ziwe za kupumzika kikweli, zisigeuzwe kuwa siku za kulima muhogo. Bamvua hii iliyopo na inayofuata asishuke kabisa, na hapo, mwanangu, ninyi watoto mtalazimika kumshikia kamba zake ili asione kuwa ugonjwa umemnyang'anya shamba.

Ramadhani isimtie simanzi. Ikithibitika kuwa ana kidonda kinachovuja au figo zimeguswa, hatakiwi kufunga mwaka huu mpaka daktari aseme amepona, na ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Sura ya Al-Baqara. Mwendeeni sheikh wenu mkiwa na maelezo ya daktari mkononi, naye atawaelekeza kuhusu kulipa siku hizo au kutoa fidia. Akiruhusiwa kufunga, daktari ampangie dawa za presha baina ya futari na daku, na anywe maji ya kutosha usiku. Yale mazoea ya kumeza diklofenaki wakati wa daku ili imshike mchana kutwa yasirudi tena, kwa sababu mchana wa mfungaji ndio wakati ambao figo zina maji machache kabisa.

Huenda baadaye, vipimo vikiwa vizuri, daktari akaona ipo haja ya kumpa tena dawa ya jamii hii kwa siku chache. Hilo likitokea, iwe moja tu, kwa kiwango kidogo kinachotosha na kwa siku zilizohesabiwa, na mwulize kama ataongezewa omeprazoli ya kulinda tumbo. Mkumbuke tu kuwa omeprazoli hulinda tumbo peke yake, haizilindi figo wala haishushi presha.

Dawa za kuhesabiwa ndani ya kikaratasi kitupu msizinunue tena. Nendeni kwenye duka lililosajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na mwombe muuzaji aandike jina la dawa yenyewe, uzito wake kwa miligramu na tarehe ya kuisha muda. Majina ya kampuni hubadilika kila mara, lakini jina la dawa iliyomo ndani huandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Mkiona diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu, meloksikamu, indometasini au aspirini, jueni ni wale wale wa ukoo mmoja. Kama nyumbani yumo mjamzito, asiguse masalio ya mama, hasa akishatimiza wiki 20, kwa sababu dawa hizi zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto. Mtoto mwenye homa naye asipewe aspirini.

Kaka yako mpigie simu mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, na umweleze bila ya kumlaumu, kwa sababu alileta alichoamini kuwa ni msaada. Safari ijayo asilete vidonge. Alete mashine ya kupimia presha ya kufunga mkononi, ili mama apimwe asubuhi na jioni mkiwa nyumbani na namba ziandikwe kwenye daftari. Dawa za maumivu zikishatoka mwilini, ndani ya wiki moja au mbili mnaweza kuanza kuona presha ikishuka kwa zile zile losartani na haidroklorothiazaidi, ikiwa daktari ataziacha ziendelee. Daftari hilo mchukueni kliniki, na mama alioneshe mwenyewe kwa mkono wake.

Mkitoka hospitali niandikie wingi wake wa damu na majibu ya figo. Suala la jeli tutalizungumza nikishayaona.